Namba 12: kikosi kilichoacha kudondosha mabomu kikaenda kufundisha walimu wa marubani

Tarehe 1 Mei 1972, katika kituo cha Randolph pembeni mwa jiji la San Antonio, Texas, kikosi cha mafunzo cha Jeshi la Anga la Marekani kilichoitwa namba 3510 kilifutwa. Mahali palepale kikaanza kikosi kingine, namba 12. Wakufunzi walikuwa walewale, ndege za T-37 na T-38 zilezile, mafundi na wanafunzi walewale. Iliyobadilika ni namba tu, lakini namba hiyo iliingia na historia ya watu wengine kabisa: watu waliopiga mabomu El Alamein, Sicily, Italia na Burma, na wengine waliowafuata Vietnam.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya makarani, mafaili yamehamishwa kabati. Mimi naona ulikuwa uamuzi mzito kuhusu kazi ya kufundisha. Jeshi lile lilichukua heshima iliyopatikana vitani likawakabidhi walimu, na nadhani lilifanya sawasawa. Ninachokidai ni kwamba urithi ule ulipokelewa nusu. Zilichukuliwa nishani, zikaachwa hesabu nyingine ambazo mwalimu wa rubani anazihitaji kuliko nishani.

Kwanza tuone ilikuwaje. Miaka ile Marekani ilikuwa inapunguza majeshi yake Vietnam, na vikosi vilivyokuwa na miaka mingi ya mapigano vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Wakati huohuo kamandi ya mafunzo ilikuwa na vikosi vyenye namba za tarakimu nne, vilivyoundwa na kamandi yenyewe kwa matumizi yake. Kwa taratibu za jeshi lile, kikosi cha tarakimu nne hakina ukoo. Kikifutwa, historia yake inakufa hapohapo, na hakuna kikosi kingine kinachoweza kuirithi. Kikosi chenye namba ya kudumu kikifungwa kinalala tu, na siku yoyote kinaweza kuamshwa pamoja na sifa zake zote. Kwa hiyo mwaka 1972 na 1973 namba za vita ziligawiwa vyuo vya marubani. Laughlin ilipata 47, ambayo ilikuwa ya kikosi kingine cha ndege za mabomu kilichopigana Afrika Kaskazini. Columbus ilipata 14, Vance 71, Reese 64. Randolph ikapata 12.

Kikosi cha 12 kilianza rasmi tarehe 15 Januari 1941 katika uwanja wa McChord, jimbo la Washington, kikiwa na ndege zilizokuwa zimekwisha kupitwa na wakati. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Baada ya Pearl Harbor, Desemba mwaka huo, kilipewa kazi ya kulinda pwani ya Pasifiki, kisha mapema mwaka 1942 kikahamia Louisiana kujifunza kwa bidii zaidi kutumia B-25. Hii ni ndege ya injini mbili yenye wafanyakazi watano au sita: rubani na msaidizi wake, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, wapiga bunduki. Ilipewa jina la Billy Mitchell, afisa aliyefikishwa mahakama ya kijeshi mwaka 1925 kwa kuwashambulia hadharani wakubwa wake kuhusu namna walivyokuwa wakiiendesha sekta ya anga.

Kati ya Julai na Agosti 1942 kikosi kilivuka Atlantiki kwenda Misri. Hapa ndipo historia yake inapoanza kunivutia, kwa sababu wale Wamarekani walifika jangwani wakiwa wanafunzi. Walijua kurusha ndege. Jangwa hawakulijua. Hawakujua mchanga unavyozitafuna injini, namna ya kutafuta njia pasipo mto wala reli wala kijiji, wala namna ya kuruka wakiwa wamebanana kumi na wanane ili mabomu yote yashuke mahali pamoja. Waliwekwa pamoja na skwadroni za Uingereza na Afrika Kusini zilizokuwa tayari zimepigana miezi mingi, wakaruka nao, wakaiga. Mapigano ya Alam Halfa, mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, yaliwakuta bado wanajifunza. El Alamein, iliyoanza usiku wa tarehe 23 Oktoba, iliwakuta wameiva.

Miongoni mwa skwadroni za Kiingereza zilizokuwa zikishambulia jangwani wakati ule ilikuwamo moja iliyozaliwa kwetu. Skwadroni ya 223 iliundwa upya Nairobi mwezi Desemba 1936, ikaruka juu ya Kenya na ndege za kizamani za mabawa pacha, moja juu ya jingine, kisha ikapewa ndege za Wellesley, ikahamishiwa Sudan. Vita na Italia vilipoanza mwezi Juni 1940 ikaanza kupiga mabomu ngome za Waitalia Eritrea na Ethiopia. Mwaka 1941 ikatolewa vitani ikapelekwa Shandur, karibu na mfereji wa Suez, ikageuzwa kuwa shule ya kuwaandaa wafanyakazi wa ndege za mabomu. Mwaka uliofuata ikarudi vitani na ndege za Baltimore. Chini ya nembo yake ya simba iliandikwa kwa Kilatini kwamba mabawa yanailinda Afrika, ingawa Waafrika wa Nairobi hawakuulizwa kuhusu ulinzi huo.

Naitaja skwadroni hii kwa sababu inaivunja picha tuliyonayo ya kikosi cha vita kinachozeeka kikapelekwa shuleni kupumzika. Ilipiga mabomu, ikafundisha, ikarudi kupiga mabomu, yote ndani ya miaka miwili. Pale Shandur hawakuwa wamestaafu. Jeshi lilihitaji marubani wapya haraka kuliko lilivyohitaji mabomu mengine kumi na mawili juu ya Eritrea, na watu pekee walioweza kuwafundisha ni wale waliokuwa wametoka kurushiwa risasi. Vita vya anga vilikula watu kwa kasi ambayo kila jeshi lilishindwa kuikadiria mapema. Mshindi alikuwa yule ambaye shule yake iliweza kujaza nafasi bila kushusha kiwango. Ujerumani na Japani zilianza na marubani hodari sana, zilishindwa kuwarithisha. Mafuta ya mafunzo yalipungua, saa za kuruka zikakatwa, vijana wakapelekwa mbele wakiwa hawajaiva, na wakaanguka kabla hawajajifunza chochote.

Marekani nayo ililipa, na bei yake haisemwi mara nyingi. Kati ya Desemba 1941 na Agosti 1945, karibu watu 15,000 wa jeshi lake la anga walikufa kwa ajali za ndege ndani ya nchi yao wenyewe, mbali na bunduki yoyote ya adui. Walikuwa wanajifunza, au wanafundisha, au wanahamisha ndege kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Hata Randolph yenyewe imepewa jina la Kapteni William Randolph, aliyekufa kwa ajali ya ndege huko Texas mwaka 1928. Wakati anakufa alikuwa mjumbe wa kamati iliyokuwa ikitafuta jina la kituo hicho. Kila ninapoisoma habari hiyo naona haifai kuendelea kuita mafunzo kazi ya nyuma ya mstari.

Tuendelee na namba 12. Baada ya El Alamein ilisonga magharibi na jeshi la Uingereza, kutoka kiwanja hadi kiwanja, Misri, Libya, Tunisia. Mwezi Februari 1943 skwadroni zake mbili zilitangulizwa Algeria. Watu wake walijiita watetemesha ardhi, na jina hilo lilitokana na mtindo wao wa kudondosha mabomu kwa pamoja kutoka ndege zilizobanana. Kwa kazi yao ya kuanzia Oktoba 1942 hadi Agosti 1943, Afrika Kaskazini na Sicily, walipewa tuzo ya juu ya kikosi.

Ndani ya miezi hiyo kuna kisiwa kidogo cha Pantelleria, kati ya Tunisia na Sicily. Waitalia walikuwa wamechimba ngome ndani ya miamba, na zaidi ya askari 10,000 walikuwa humo. Kuanzia katikati ya Mei hadi tarehe 11 Juni 1943, ndege za washirika, zikiwamo B-25 za namba 12, zilimwaga juu yake zaidi ya tani 6,000 za mabomu. Siku askari wa Uingereza wanashuka ufukweni, kisiwa kilisalimu amri karibu bila mapigano. Makamanda walishangilia kwamba sasa imethibitika, anga peke yake inaweza kuteka ardhi.

Lakini alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuwa na haraka ya kushangilia. Solly Zuckerman, mzaliwa wa Cape Town, alikuwa mtaalamu wa wanyama kabla ya vita kumfanya mtaalamu wa mabomu. Ndiye aliyepiga hesabu za mashambulizi yale kabla hayajaanza, na baada ya kisiwa kuanguka alikwenda kutembea juu ya mashimo, akipima bomu lilianguka wapi, mzinga uliathirika vipi, simu na barabara zilikatika wapi. Aliona kwamba mizinga iliyovunjwa moja kwa moja ilikuwa michache; kilichoporomoka zaidi ni mawasiliano, maghala, na moyo wa watu waliokaa siku nyingi chini ya mlio ule. Kwangu huyu ni mwalimu katika maana kamili. Aliiuliza vita maswali ambayo walioipigana hawakuwa na muda wa kuyauliza, na majibu yake yaliathiri mipango ya mashambulizi ya reli za Ufaransa mwaka 1944.

Juu ya kisiwa hichohicho, mwezi Juni uleule, waliruka pia marubani wa Skwadroni ya 99 na ndege zao za P-40. Hawa ndio Wamarekani weusi wa kwanza kupelekwa vitani kama marubani wa kivita, waliofunzwa Tuskegee, Alabama, chini ya jeshi lililowatenga katika mabweni, katika mabwalo ya chakula na katika vyeo. Kamanda wao alikuwa Benjamin O. Davis Mdogo. Walipelekwa mstari wa mbele bila hata mmoja wao aliyewahi kupigana, kwa hiyo hapakuwa na mkongwe wa kuwaonyesha njia. Linganisha na namba 12 pale Misri, waliopewa wiki kadhaa za kuruka bega kwa bega na waliotangulia.

Mwaka huohuo Kanali William Momyer, kamanda wa kikosi walichounganishwa nacho, aliandika ripoti iliyosema marubani wa 99 hawana nidhamu ya kutosha ya mapigano, akapendekeza waondolewe. Davis aliitwa Washington mwezi Oktoba 1943 kujieleza mbele ya kamati. Alijieleza kwa takwimu na kwa utulivu, na skwadroni ikabaki. Kilichofuata kinajulikana: Italia, ndege zao zilizopakwa mikia myekundu, kusindikiza ndege za mabomu hadi Ujerumani.

Sasa angalia duara ilivyozunguka. Momyer alipanda vyeo. Kuanzia 1964 hadi 1966 ndiye aliyeongoza kamandi yote ya mafunzo ya anga, na makao makuu yake yalikuwa Randolph. Kutoka hapo akaenda kuongoza vita vya anga Vietnam, na miongoni mwa vikosi vilivyokuwa chini yake ni namba 12. Na Skwadroni ya 99, ileile aliyotaka iondolewe vitani, leo ni skwadroni ya mafunzo pale Randolph, ndani ya kikosi cha 12. Ndege mpya ya mafunzo, T-7A, imepewa jina la Red Hawk kwa heshima ya mikia ile myekundu.

Hiyo ni hatua ambayo naipongeza kwa moyo wote. Ila heshima ya rangi kwenye mkia haitoshi kama kijana anayesomea ualimu wa urubani hasomi ile ripoti ya 1943. Ripoti ile ni somo la ualimu kuliko lilivyo somo la historia. Inaonyesha jinsi mkufunzi, au kamanda, anavyoweza kuyaona makosa ya mtu aliyenyimwa mwalimu kisha akayaita kasoro za kuzaliwa. Kosa hilo halikuishia kwa Wamarekani weusi wala halikuishia 1943. Kila anayekaa kiti cha nyuma cha ndege ya mafunzo akiandika alama za mwanafunzi analibeba mkononi.

Februari 1944 kikosi kiliondolewa Italia kikapelekwa India, sehemu ambayo sasa ni Bangladesh. Kilikaa Tezgaon karibu na Dhaka, na baadaye Feni. Kuanzia Aprili kilipiga madaraja, reli na maghala ya Wajapani ndani ya Burma. Waingereza walipozingirwa Imphal, India, karibu na mpaka wa Burma, B-25 zile zilitumika kupeleka risasi badala ya mabomu. Tumbo la ndege ni lilelile, hesabu za uzito ni zilezile. Mtu aliyefundishwa vizuri hubadilishiwa kazi asubuhi, jioni ameizoea.

Na hapa historia hii inakutana na yetu. Mzingiro wa Imphal ulipovunjika, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha mnyama kifaru begani, ilipewa kazi ya kuwafukuza Wajapani kushuka bonde la Kabaw. Walikuwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, au Keya kama wazee walivyozoea kusema, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Rodeshia ya Kaskazini. Lugha iliyowaunganisha wengi wao ilikuwa Kiswahili cha kambini. Walitembea kati ya Agosti na Desemba 1944 ndani ya mvua za monsuni, malaria na tope lililomeza malori, hata chakula kikabidi kidondoshwe kutoka angani. Desemba walifika Kalewa wakavuka mto Chindwin, na hapo wahandisi wakajenga daraja la vyuma la zaidi ya mita 340, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati ule.

Askari wa Kabaw walijua thamani ya ndege kuliko mtu yeyote. Asubuhi ikipita bila mlio wa injini ilimaanisha hakuna mkate wala risasi wala dawa. Katika vita ile kijana wa Kitui au wa Tabora alimtegemea rubani asiyemjua, aliyefundishwa na mwalimu asiyemjua, upande wa pili wa dunia.

Moja ya bataliani zilizopigana Kabaw ilikuwa namba 11 ya KAR. Baada ya uhuru wa Kenya namba hiyo ilibebwa na 11 Kenya Rifles. Tarehe 24 Januari 1964 askari wake waliasi Lanet, na bataliani ikavunjwa. Siku chache kabla, huku kwetu, Tanganyika Rifles, iliyotokana na KAR ya sita, iliasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere aliivunja yote, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaanza JWTZ upya kabisa. Miaka 18 baadaye, jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilipozimwa Nairobi, Jeshi la Anga la Kenya lilifutwa jina, likaitwa 82 Air Force, na halikurudishiwa jina lake hadi 1994.

Siwalaumu waliofanya hivyo. Serikali changa iliyoelekezewa bunduki na askari wake ina sababu zote za kutaka ukurasa safi, na uamuzi wa Nyerere ulitupatia jeshi ambalo halijawahi kuigeuzia nchi mtutu. Hata hivyo kuna kilichopotea. Marekani iliweka namba 12 ikasafiri nayo tangu 1941 hadi leo. Sisi tulifunga namba 11 na namba 6, na pamoja nazo tukawafungia watu wa Kabaw, ambao hawakuasi popote. Kuruti wa leo akiulizwa babu zake walivuka mto gani Asia, wengi hawatajua. Namba inaweza kufutwa kwa sababu nzuri. Waliokuwa chini yake wangepaswa kutafutiwa mahali pengine, na chuo cha jeshi ndicho mahali penyewe.

Baada ya vita kikosi cha 12 kililala Januari 1946. Miaka ya 1950 namba yake iliamshwa kwa ndege za kivita za F-84, ikalala tena 1958, ikaamka 1962 kule Florida. Sehemu hiyo ni ya mafaili zaidi kuliko ya watu, nami naipita.

Novemba 1965 kikosi kilitua Cam Ranh, Vietnam Kusini, kikawa cha kwanza cha ndege za F-4 kuwekwa kwa kudumu katika vita ile. Ndege ilikuwa imebadilika mno. F-4 moja yenye watu wawili ilibeba mabomu mazito kuliko B-25 mbili au tatu za El Alamein. Kazi yao kubwa ilikuwa kusaidia askari wa nchi kavu, mabomu yakishuka mita mia chache kutoka walipo wenzao, mara nyingi kando ya vijiji na mashamba ya mpunga. Mwaka 1970 walihamia Phu Cat, na tarehe 17 Novemba 1971 kikosi kikafungwa. Miezi mitano na nusu baadaye namba ikaamkia Randolph.

Kazi waliyoikuta pale haifanani na ya vyuo vingine. Laughlin na Columbus zinafundisha marubani. Randolph inafundisha wanaokwenda kuwafundisha hao. Rubani anayejua kazi anarudishwa darasani, anahamishiwa kiti cha mkufunzi, na mkufunzi wake anajifanya mwanafunzi. Anavuta usukani mapema mno, anasahau kuangalia mwendo, anakosea makusudi, ili yule mwingine ajifunze kitu kigumu kuliko kurusha ndege, yaani kukaa mikono magotini, kumwacha mtu akosee hadi pale kosa linapofundisha, na kuishika ndege kabla kosa halijaua. Katika T-38, ndege ya mwendo wa kasi kuliko sauti iliyoanza kazi mwaka 1961 na bado inaruka, pengo kati ya mambo hayo mawili wakati wa kutua ni sekunde chache.

Hapo ndipo ninapoona busara ya 1972. Mkufunzi aliyefaulu Randolph hufundisha makumi ya wanafunzi, na baadhi ya hao nao hugeuka wakufunzi. Tabia moja mbaya inayopita pale huzaa ajali katika vituo vitano miaka kumi baadaye, na tabia moja nzuri huokoa watu ambao hawatajua waliokolewa. Kikosi cha namna hiyo hakistahili kuitwa 3510 kana kwamba ni ghala.

Mwaka mmoja tu baada ya kupata namba, kazi hiyo ilionekana kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Kati ya Februari na Aprili 1973 Vietnam Kaskazini iliwaachia mateka 591 Wamarekani. Wengi walikuwa marubani, baadhi wakiwa wamekaa gerezani miaka sita au zaidi, mifupa ikiwa imeunga vibaya, ndege walizoziacha zikiwa zimebadilika. Waliotaka kuruka tena walipelekwa Randolph, Skwadroni ya 560, ambayo nayo ilikuwa mrithi wa skwadroni ya ndege za B-17 zilizopiga mabomu Ulaya kutoka Uingereza. Wakufunzi wake, wengi wao wakiwa wametoka Vietnam hiyohiyo, waliwaweka ndani ya T-38 wakawarejesha angani mmoja baada ya mwingine. Makumi ya mateka walipata tena mabawa yao hivyo, na wakajenga desturi ya kukutana Randolph kuikumbuka safari ile ya kwanza baada ya gereza. Katika historia yote ya namba 12 hakuna kazi ninayoiheshimu kuliko hii.

Sasa lile nililosema la urithi nusu. Ukitazama sifa rasmi za kikosi utaona kampeni, tuzo, vituo, aina za ndege. Mwaka 1991 jeshi liliamsha hata kile kikosi cha asili cha mabomu, kikawa sehemu ya uendeshaji wa ndege ndani ya kikosi cha mafunzo, ili ukoo wa 1941 uwe wa damu na si wa heshima tu. Kila tawi limeunganishwa kwa uangalifu. Wasiokuwamo ni watu waliokuwa chini: askari wa Kiitalia ndani ya mapango ya Pantelleria, wakazi wa miji ya Burma iliyokaa juu ya reli, wakulima wa Vietnam ambao shamba lao liliangukia ndani ya zile mita mia chache.

Najua jibu la wanajeshi: chuo hufundisha kuruka, siasa ziachwe kwa wanasiasa. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu kilichotokea ardhini ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mlenga mabomu wa 1943 aliyedhani amevunja mizinga, kumbe amevunja simu, hakujua kazi yake hadi Zuckerman alipokwenda kutembea juu ya mashimo. Rubani asiyejua bomu lake lilifanya nini ni fundi asiyeiona kazi yake, na mwalimu wake ana deni la kumwonyesha. Kujua hivyo hakumfanyi mwoga. Kunamfanya akatae shambulio lisilo na faida, na aulize swali pale kamanda anapomwambia tani nyingi zaidi ndiyo suluhisho.

Ninalolitaka Randolph ni jambo dogo, na lingeingia ndani ya kozi ya wakufunzi bila kuongeza hata saa moja ya mafuta: siku mbili darasani. Siku ya kwanza isomwe ripoti ya Momyer pamoja na majibu ya Davis, na afisa wa Skwadroni ya 99 ndiye aongoze mjadala. Siku ya pili zisomwe hesabu za Zuckerman kuhusu Pantelleria, na kila mwalimu mtarajiwa apewe orodha ya mabomu yaliyodondoshwa, achore mwenyewe kwenye ramani alivyodhani yamefanya nini, kisha awekewe mezani kilichokutwa.